Barometa kuukuu ya Mkunazini: kweli inatabiri kimbunga? Nimekaa nayo mwaka mzima

Nianze na bei mana najua ndo mtakayoitafuta: 85,000. Muuzaji kaanza na 120,000, mie nkaanza na 40,000, tukavutana nusu saa nzima na vikombe viwili vya kahawa juu yake, mwisho tukakutana hapo. Duka lenyewe silitaji, liko kwenye vichochoro vya Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, yale maduka ya vitu vya kale ambayo sie wenyeji tunapita tu bila kuingia, ndani masanduku ya Kiarabu, saa za ukutani zisizotembea, pasi za mkaa, masinia ya shaba, na kila kitu ukiuliza kimetoka wapi unaambiwa kimetoka melini. Hata pasi ya mkaa imetoka melini. Na hii barometa nayo imetoka melini, na hapo angalau inaingia akilini.

Kwa asiyeijua, ni duara la shaba ukubwa wa sahani ya wali ya mtu mmoja, kioo mbele, ndani mna mshale mweusi unaokwenda wenyewe na mshale wa pili wa rangi ya dhahabu unaouzungusha kwa mkono, kazi yake kuweka alama mweusi ulikuwa wapi mara ya mwisho ulipoangalia. Haina betri, haina waya, haitaki chaji. Juu yake kuna namba za inchi na za milibari, vipimo vya uzito wa hewa, na pembezoni pameandikwa kwa Kiingereza mvua, mabadiliko, hali nzuri, na kushoto kabisa, dhoruba. Nilipoliona hilo neno la mwisho nkajua hii inakwenda na mie nyumbani.

Sababu yenyewe ni Hidaya. Mei 2024 nilikuwa Dar, nimekwenda kuchukua mzigo Kariakoo, narudi bandarini naambiwa boti hakuna, safari zimesitishwa, kimbunga kinakuja. Nikarudi kulala kwa binamu yangu Temeke na maboksi yangu yote. Siku nzima tunatizama kwenye simu ile ramani ya upepo, duara linazunguka huko baharini kama feni, na kila mtu na lake, mmoja anasema kinakuja Unguja, mwengine kinakwenda Mombasa, mwengine anasema hamna kitu hapo watu wanatishwa tu. Tarehe 4 kikaingia Mafia. Na jina lenyewe Hidaya, hebu fikiria, zawadi gani hiyo na nani kaiagiza.

Kilichonisumbua siku zile ni kuwa mie mtu wa visiwani, mzaliwa wa Pemba, babu alikuwa nahodha, mjomba mpaka leo anavua Kojani, lakini ungeniuliza kimbunga hasa ni kitu gani nisingekwambia zaidi ya upepo mkubwa. Kwa hiyo nilipomsikia muuzaji anasema, "Hii mwanangu inakwambia kimbunga siku tatu kabla," masikio yakasimama. Nkamuuliza, "Siku tatu kweli ami?" Akasema, "Siku tatu, na pengine nne." Risiti nilipewa ila siku tatu hazikuandikwa kwenye risiti.

Sasa skilizeni siku ya kwanza ilivokuwa. Nimenunua saa nne asubuhi. Pale pale dukani nikaupeleka ule mshale wa dhahabu juu ya mweusi, ili nikifika nyumbani nione. Mie nakaa Michenzani ghorofa ya tano. Napanda ngazi, natundika ukutani, naangalia, mshale mweusi umeshuka karibu milibari mbili. Nkasema labda imeshtuka njiani. Nikala, nikalala kidogo, naamka saa kumi alasiri naangalia tena, imeshuka tatu nyengine! Jumla tano kwa siku moja. Nimeshaperuzi kwenye simu nimesoma kuwa ikishuka tano hiyo ni hatari kubwa. Bas sikungoja, nikampigia mjomba Kojani, "Mjomba musitoke baharini leo." Akaniuliza kuna nini. Nkamwambia kimbunga. Akanyamaza, halafu akasema, "Bahari huku shwari unaiona mpaka tumbawe, nani kakwambia?" Nkamwambia barometa. Mpaka leo kule kijijini wananiita Hali ya Hewa.

Kesho yake saa nne asubuhi imepanda tena ile tatu. Nikaichukua hadi dukani nikadai pesa yangu, muuzaji akakataa katakata, akasema chombo kizima mtu ndo mbovu. Nilikasirika sana siku ile, na kwa lugha aliyotumia namkata nyota moja, lakini kwenye jambo lenyewe alikuwa na haki ingawa hakujua kwa nini.

Aliyenitoa ujingani ni mzee mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kaicheka kwanza, halafu akanieleza. Barometa inapima uzito wa hewa iliyo juu yetu. Hewa ina uzito, na si mdogo, kila mita mraba moja ya sakafu inabebeshwa tani kama 10, hatuisikii kwa sababu inatusukuma kila upande. Ndani ya kile chombo kuna kikopo chembamba cha bati kilichotolewa hewa, hewa ya nje ikizidi uzito kinabonyea, ikipungua kinatanuka, na vijiti na kamnyororo kadogo vinahamisha hiko kibonyeo hadi kwenye mshale. Basi. Sasa ukipanda juu, hewa iliyobaki juu yako inapungua, kila mita 8 hivi unapoteza milibari moja. Ghorofa ya tano ndo zile mbili zangu. Kwa hiyo huibiwi, umepanda ngazi tu.

Na zile tatu za saa kumi? Hapa ndo nilipoanza kukipenda hiki chombo. Kumbe hewa nayo inapwa na kujaa. Sie wa pwani tunajua maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, bwana wake mwezi. Hewa nayo mara mbili kwa siku, ila bwana wake jua, linavyoipasha moto huko juu. Nchi za joto kama kwetu inaonekana wazi kabisa: inajaa saa nne asubuhi na saa nne usiku, inapwa saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Saa nne na saa kumi, saa nne na saa kumi, kila siku ya Mungu, kaskazi na kusi, mvua na jua. Ulaya huko haionekani kirahisi mana hali yao ya hewa inayumba sana inaifunika. Nimeandika kwenye daftari mwaka mzima na siku zilizokosea zinahesabika kwa vidole. Ukinunua hii barometa na hukununua daftari la 500 umepoteza 85,000, nawaambia mapema. Lile jambo la kushuka tano ni kweli, mabaharia wa zamani walilitumia, lakini kanuni yake inasema ishuke chini ya kawaida ya saa ile ile. Ikipungua tatu chini ya kawaida ya saa hiyo, tia shaka. Ikipungua tano, jua jambo liko jirani. Bila kujua kawaida yako ya saa kumi ni ipi, kila alasiri utampigia mjomba.

Nije kwenye yale maandishi ya pembeni, ni ya kutupa. Yametungwa kwa ajili ya Ulaya. Kwangu mie kaskazi mshale ulikuwa unacheza 1010 hadi 1013, kusi ilipokolea ukapanda 1016 na juu yake kidogo, mana yake mwaka mzima umekaa baina ya mabadiliko na hali nzuri. Masika yalipokuja, mvua ile ya kufunika kila kitu, Darajani maji magotini, nkaangalia ukutani: hali nzuri. Mvua zetu nyingi haziletwi na kushuka kwa presha, yaani huo uzito wa hewa, kama za kwao, hewa ya joto inapanda inamwaga basi. Pakipiga radi kubwa mara nyengine mshale unapanda kidogo badala ya kushuka, moja au mbili kwa dakika chache, ni ile hewa baridi nzito inayoanguka pamoja na mvua. Unaisikia ngozini kabla ya tone la kwanza, ule ubaridi, na ukikimbilia ukutani unaiona. Hiyo nimeiona mara nne na kila mara nimefurahi kama mtoto.

Basi kimbunga kinaingiaje hapa? Mwalimu aliniuliza, ukichomwa na maji ya moto na ukichomwa na mvuke wa kwenye kifuniko cha sufuria, kipi kibaya zaidi? Kila aliyewahi kupalia wali anajua, mvuke. Kwa sababu mvuke ukigusa mkono ukarudi kuwa maji unatua moto wote ulioubeba. Sasa bahari ni sufuria. Maji yakiwa na joto la digrii 26 na nusu na kuzidi, na si juu juu tu, mpaka kina cha mita 50 hivi, yanatoa mvuke mwingi, mvuke unapanda, huko juu unapoa unarudi kuwa maji ya mawingu, na unatua moto wake hewani. Hewa hiyo ikapata moto ikawa nyepesi, ikazidi kupanda, kule juu kabisa ikatawanyika kwenda mbali, na ikitawanyika nyingi kuliko inayoingia chini uzito wa hewa pale kati unapungua, yaani presha inashuka, na mshale wangu ungeshuka. Presha ikishuka hewa ya pembeni inavutwa kuja kuziba pengo, inapita juu ya maji ya moto, inabeba mvuke mwengine, nao unapanda unatua moto wake, na presha inashuka zaidi. Kinajilisha chenyewe. Ndo mana kikipanda nchi kavu kinachoka, sufuria imeondolewa.

Nlipoelewa hapo ndo nkaelewa nimenunua nini. Kile chombo hakipimi upepo wala mvua, kinapima lile pengo la katikati, na pengo ndo kimbunga chenyewe, upepo ni hewa inayolikimbilia tu.

Na kinazungukaje? Dunia inazunguka, kwa hiyo hewa inayokimbilia katikati haifiki moja kwa moja, inapotoshwa. Kusini mwa ikweta inapotoshwa kushoto, na matokeo yake vimbunga vyetu vinazunguka kama mishale ya saa, vya kaskazini mwa ikweta kinyume chake. (Ile habari ya maji ya sinki kuzunguka upande huu na ule ni maonesho ya kuwalia watalii pesa, sinki ni dogo mno dunia haina habari nalo.) Sasa huo upotoshaji kwenye ikweta yenyewe ni sifuri na unakua kadiri unavyokwenda mbali nayo, kwa kawaida karibu na ikweta chini ya digrii 5 vimbunga havizaliwi kabisa. Angalieni ramani: Pemba iko digrii 5, Unguja 6. Sie tuko mpakani, mlangoni kabisa. Halafu juu ya hivo, vikishazaliwa huko baharini kawaida vinakwenda magharibi na kupinda kusini, vinatukimbia, wanaovipokea ni Madagaska na Msumbiji masikini. Na ili kimbunga kiishi lazima upepo wa chini na wa juu usipishane sana, ukipishana unakikata kichwa. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilifika pwani yetu kimeshachoka kwa mambo kama hayo.

Kwa hiyo, mtasema, umenunua mbwa wa kulinda nyumba isiyoibiwa. Ndivo alivoniambia mke wangu, kwa maneno makali zaidi kidogo.

Lakini nyumba imewahi kuibiwa. Tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja yenyewe, wakati wa Seyyid Barghash. Majahazi bandarini yalivunjwa, merikebu za Sultani zilipotea, mikarafuu na minazi ya Unguja ililazwa chini sehemu kubwa. Pemba haikuguswa sana. Mnasikia? Wapemba wenzangu mnaojisifu karafuu, na mie nikiwemo, sehemu ya hiyo sifa imetokana na kimbunga kilichopita upande wa pili, mana baada ya hapo ndo Pemba ikawa mbele kwa karafuu mpaka leo. Na ile meli Glasgow aliyoagiza Barghash Uingereza ilikuwa ya kuziba pengo la zile zilizopotea, na hiyo hiyo ndo ilozamishwa mbele ya Forodhani kwenye vita vya 1896 vya dakika zisizotimia saa. Ukitizama tarehe unaona jambo: kile cha 1872 Aprili, kilichopiga Lindi 1952 Aprili, Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili, Hidaya Mei mwanzoni. Kaskazi inapokufa na kusi haijashika, bahari imeshiba jua la miezi mingi. Babu alikuwa hasafiri mbali kipindi hiko na hakuwa na barometa.

Kenneth nayo ilitutia kashkash ya aina yake. Tarehe 25 Aprili 2019 iliingia Msumbiji kaskazini ya mji wa Pemba, wiki sita tu baada ya Idai kuizamisha Beira. Redio za nje zinasema Pemba, Pemba, Pemba. Mama yangu yuko Wete amekaa barazani anachambua mchele, simu zinamiminika kutoka Maskati, kutoka Dubai, watu wanalia, "Bi mkubwa mko hai?" Yeye anawajibu, "Tuko hai, kwani mmesikia nini?" Mwisho akachoka akazima simu, na hapo ndo walipoamini kweli Pemba imekwisha.

Mama huyo huyo alikuja kwangu kutibiwa macho, akaniona kila asubuhi nagonga kioo cha barometa kwa kidole (lazima ukigonge kidogo, mshale hukwama) na kuandika. Akauliza nini hiki. Nkamwambia kinapima presha. Siku ya pili alasiri nasema kwa sauti, leo presha imeshuka, akaitikia kutoka chumbani, "Presha ya nani? Mpeni maji ya chumvi alale chali."

Turudi kwenye swali la kichwa cha habari. Siku tatu kabla? Hapana. Presha ya kimbunga imekaa kama faneli, pembeni inateremka kidogo kidogo sana, na inatumbukia kwa ghafla karibu na kati, pale kwenye ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho, ambapo ndo kwenye upepo mkali kuliko wote. Ndani ya jicho lenyewe kumetulia, na wengi huuawa na huo utulivu kwa kutoka nje wakidhani kumekwisha. Kimbunga kikiwa mbali maili mia nyingi barometa yangu haijui lolote, iko kwenye saa nne na saa kumi zake. Itaanza kushtuka kikiwa kimekaribia, mara nyingi siku moja au pungufu. Wanaokwambia siku tatu ni setilaiti na kituo cha Réunion kinachofuatilia bahari yetu yote hii, na kwa sie taarifa inatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakati wa Hidaya tangazo lao lilitangulia na boti zilisimama kabla, mie nilinung'unika na maboksi yangu Temeke, leo sinung'uniki. Barometa si mbadala wao na yeyote anayekuuzia kwa maneno hayo anakuongopea.

Inafaa wapi basi? Baharini pasipo mtandao. Nilimpelekea mjomba siku kumi nikamfundisha na ile kanuni nyengine ya mabaharia, kwamba huku kusini ukiukabili upepo, uso kwa uso nao, kati ya dhoruba iko kushoto kwako na kidogo nyuma. Alinisikiliza akaniuliza, "Na matlai ya kila siku nikiikabili, kushoto kwangu kuna nini?" Sikuwa na jibu. Kanuni inataka presha iwe imeshuka kwanza, na karibu na ikweta hapa haishiki vizuri kama huko mbali. Lakini nilipokwenda kuichukua nikakuta ameshaandika siku zote kumi kwenye gamba la boksi la biskuti, saa nne na saa kumi, kwa penseli, na hakutaka kuirudisha.

Kitu kimoja cha kumwambia kila mtu wa pwani, kilinishangaza kuliko vyote: presha ikishuka milibari moja bahari inainuka sentimita moja hivi, kwa sababu hewa imeacha kuikandamiza. Kimbunga cha presha 963 kingeinua maji nusu mita kwa hiyo tu, kabla upepo haujayasukuma na kuyarundika ufukweni, na upepo ndo unaorundika mengi zaidi. Fikirieni hiyo iangukie siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida. Watu wanaogopa mabati kuruka, na wana haki, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne, lakini maji ndo yanayoua wengi, ya bahari na ya mvua. Idai asilimia kubwa ya msiba wake ilikuwa mafuriko. Na siku mshale ukifika pale palipoandikwa dhoruba, huwa ni 950 hivi kwenye hii yangu. Kimbunga Tip cha Pasifiki mwaka 1979 kilifika 870, ndo rekodi ya dunia, barometa yangu mshale ungeyapita maandishi yote ukaja kugota kwenye msumari.

Mambo madogo kwa anayetaka kununua. Nyuma kuna tundu lenye skrubu, ndo ya kurekebisha. Angalia kwenye simu presha ya uwanja wa ndege wa Kisauni, ambayo huwa imeshahesabiwa kwa usawa wa bahari, kisha zungusha taratibu sana na bisibisi ndogo mpaka ilingane, hapo haijalishi unakaa ghorofa ya ngapi. Mie nilizungusha kwa papara mara ya kwanza nikaipeleka kwenye ukame mkubwa, ilinichukua siku mbili kuirudisha. Usiitie mafuta ndani. Shaba inashika kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa yetu, ndimu na chumvi inang'arisha lakini isiingie chini ya kioo. Simu nyingi za kisasa zina barometa ndani yake na kuna programu za bure zinazochora mstari, na kusema kweli zinapima sawa na hii au zaidi, mtoto wangu kanionesha kwenye simu yake siku ya pili tu baada ya kununua na sikufurahi. Tofauti ni kuwa simu hakuna anayeigonga kila saa nne akaandika.

Nyota nne kati ya tano kwa chombo. Mbili kwa duka, moja niliikata kwa lugha, na mbili kwa siku tatu zake. Kahawa ilikuwa nzuri. Anazo nyengine mbili nilipopita wiki iliyopita, ndogo ya mbao ni nzima, nimeigonga kioo na mshale umetikisika, kubwa yenye nanga juu msichukue, nimeingia saa nne nikaingia tena saa kumi na haijasogea hata unywele, naye bado anasema imetoka melini.